Vitunguu vya Shradha

Usingizi unamchukua Rambhaben palepale jikoni, alasiri, mgongo ukutani na sufuria mapajani. Leo ni shradha ya mumewe, siku ya kumlisha marehemu. Chakula huwekwa juu ya paa, na kunguru akila watu hujua roho imeridhika. Kunguru amekuja, amenusa, amejiendea zake. Rambhaben anajua kwa nini. Katika chakula hicho kitunguu ni mwiko, naye amekaanga vitunguu akavificha chini ya dengu, kwa sababu mumewe alikuwa mtu wa vitunguu, na mke gani atampikia mumewe chakula kisicho na ladha eti kwa kuwa amekufa? Nimemfungia njia? anajiuliza, na kabla hajajijibu ukuta unalegea nyuma yake kama pazia, naye yuko barabarani.

Barabara haina mwisho wala haitulii. Akitembea inapinda, akisimama inatembea yenyewe. Pembeni yake yuko mtu asiye na uso, palipopaswa kuwa na uso ni laini kama ganda la yai. Rambhaben hamwogopi, analo kubwa zaidi la kuogopa. Ndugu yangu, anasema, namtafuta baba Nilesh. Jina lenyewe halitaji. Tangu aolewe hajalitamka jina la mumewe, ndiyo heshima ya wanawake wa kwao, na hawezi kuivunja leo. Anayekungoja haendi, anajibu asiye na uso, na anayekwenda hakungoji. Wacha mafumbo, bwana, mimi mtu mzima, miguu inaniuma. Basi wanapita mji ambao watu wamelala milangoni, na maji yaliyotuama yanaonyesha chini yake mji mwingine, nao umelala. Hii ni tamas, anasema kiongozi wake, uzito. Barabara inapinda na mji ni uleule, ila sasa watu wanakimbizana, mikono imejaa na bado wanataka. Rajas, moto wa kutaka. Inapinda tena, mji ni uleule, mwanga umetulia juu ya kila kitu na mwanamke anafagia kibaraza bila haraka. Satva, utulivu. Rambhaben anachungulia uso baada ya uso. Mume wangu yumo mji gani? Mji ni mmoja, anajibiwa, nyuzi ndizo tatu, na kila kilichozaliwa kimefumwa nazo, hata mtu, hata chakula. Kitunguu ni uzi wa kutaka. Umemvuta nao.

Ndipo anamwona. Amesimama kwenye kizingiti cha nyumba moja, mguu mmoja ndani, mmoja nje, na huko ndani mwanamke ana uchungu wa kuzaa, sauti imeanza kumwishia. Mama Nilesh! anasema mzee, uso wote kicheko, umekaanga vitunguu! Nimenusa nikarudi. Rambhaben anamkimbilia, anamshika mkono, na mkono una joto lake lilelile, naye anampenda mpaka anaumia. Baki, anataka kusema. Huko ndani yule mwanamke analia tena, na asiye na uso anasema, safari hii bila fumbo: Mtoto wake hatavuta pumzi mpaka huyu aingie. Matendo ya mumeo yamemchagulia azaliwe upya kwa mlango huu, na ni mlango mwema. Atanikumbuka? anauliza Rambhaben. Hapana.

Vitunguu vimeungua, baba Nilesh, anasema Rambhaben kwa ukali wa nyumbani, nilipitiwa na usingizi. Nenda zako, watu wanakungoja. Ah, wewe na usingizi wako, anacheka mzee, anamwachia mkono, anavuka. Akiwa ndani anageuka, na macho yake ni mapya kabisa. Mama, unamtafuta nani? Simtafuti mtu, mwanangu, anajibu Rambhaben. Nilikuwa napita.

Mlango unafungwa. Kichanga kinalia. Rambhaben anafumbua macho, au ndiyo kwanza anayafumba, hajui; jiko liko palepale, lakini kilio hakikomi, na ukutani pale alipoegemea pana joto kama la mwili wa mtu. Mtaa wao hauna mtoto mchanga. Anabandika kiganja ukutani, machozi yanamtiririka, naye anabembeleza polepole: Nyamaza, mtoto, nyamaza. Mama yako huyo hapo, mshike.