Foleni ya Ng'ombe wa Naserian

"Naapa mbele ya Mungu, hii ni kweli tupu," alisema mzee Silvanus, na majirani zake kijijini Kansay wakaanza kucheka kabla hajafika popote. "Kule kreta, mbugani, simba wanakunywa maji kwa foleni. Mkubwa kwanza. Nimewaendesha wageni miaka na miaka, nimeona kwa macho haya."

"Na nyumbu wako nyuma, wameshika namba?" aliuliza Naserian, jirani yake mfugaji.

"Cheka tu, mama. Dunia ina mpangilio. Hata ng'ombe wako jioni wanaingia zizini kwa umri."

"Wangu? Wale wanaingia kama watu wa mnadani mvua ikishuka!"

Wakawekeana dau papo hapo. Wakiingia kwa umri jioni ile, Naserian atamletea maziwa masika yote. Wasipoingia, Silvanus atazoa samadi zizini, yeye ambaye hata koleo alikuwa amesahau linashikwa upande gani.

Maziwa hayakumsumbua sana. Tangu aache usukani, Jumatatu na Alhamisi zilifanana kama mapacha, na ilimpendeza kuamini kwamba mahali fulani, hata kwa ng'ombe, kila mmoja anajua zamu yake. Ila imani nayo huhitaji kusukumwa kidogo. Mchana, Naserian akiwa sokoni, mzee alijaza magadi, chumvi wanayoipenda ng'ombe, mfukoni mwa koti akawafuata wote watatu bondeni. Narok, bibi yao, akalambishwa hadi akaridhika. Nanyokie, wa pili kwa umri, akapewa kidogo. Naibor, mtamba ambaye hajazaa bado, akanusishwa tu.

Jioni Silvanus alisimama langoni na koti lile lile. Narok akaja mbio, Nanyokie akafuata, Naibor mwishoni.

"Nilisema nini?" Silvanus akatanua mikono. "Umri!"

Lakini Narok hakuingia. Alichomeka pua mfukoni mwa mzee, akavuta. Mfuko ukachanika, magadi yakamwagika, na wote watatu wakamvamia kwa vichwa na pembe, mkubwa hajulikani wala mdogo, mpaka akakaa kitako kwenye samadi mbichi.

"Kumbe mpangilio wa dunia unauzwa dukani!" Naserian alisema, akifuta machozi ya kicheko.

Asubuhi Silvanus alizoa. Akapanga mafungu, yamenyooka kama mistari ya mahindi. Mbuzi wakapanda juu, wakayasambaratisha.

"Mzee, unapanga ya nini, na yote yanakwenda shambani?"

"Acha nipange, mama." Alirudisha fungu la kwanza mahali pake. "Halafu watazame vizuri hawa mbuzi. Wanabomoa kuanzia kushoto."

"Zoa, mzee."

Akazoa.