Tai Juu ya Mlango wa Vlasta

Vlasta Kubelková alikuwa juu ya ngazi, kitambaa chenye siki mkononi, akimsugua tai wa bati mwenye vichwa viwili, nembo ya Kaisari, juu ya mlango wa duka lake la tumbaku. Chini yake foleni ilipiga miayo. Bwana Hromek, mkaguzi, alishika ngazi.

Duka hilo ndilo fungu pekee aliloachiwa baada ya mumewe kufia vitani kwa ajili ya Kaisari. Asubuhi hiyo Hromek alimwambia wazi: tai akibaki na kutu, kibali cha kuuza tumbaku atapewa mwingine.

"Kichwa cha kushoto bado, mama."

"Vichwa viwili, bwana, na vyote vinakunywa siki yangu."

Foleni ikacheka. Siki ilikuwa adimu. Sufuria zake za shaba jeshi lilizichukua likazifanya risasi, na mfuniko wa pipa la kuchachushia kabichi aliuchoma mwenyewe wakati wa baridi, makaa yalipokosekana.

Hapo ndipo watu walipoanza kupanda mlima wa Žižkov, penye duka hilo, kutoka mjini, wakiimba, wenye bendera nyekundu na nyeupe. Walisema Vienna, mji wa Kaisari, imesalimu amri na Praha sasa ni yao. Walipomwona mwanamke juu ya ngazi amemkumbatia tai, walidhani anamng'oa, wakamshangilia kama bibi harusi.

Vlasta aliduwaa. Akisema anasafisha tu, atachekwa mpaka kaburini. Akimng'oa, na Vienna ikarudi kesho, atakula nini? Alimtazama mkaguzi. Mkono wa Hromek ulikuwa kofiani, ukibandua nembo ya Kaisari polepole, kama mtu anayejikuna.

"Bwana mkaguzi," Vlasta alisema, "shika ngazi vizuri."

Akavuta. Kutu ile ile iliyolalamikiwa ilikuwa imekwisha kuila misumari, na tai akashuka naye kirahisi. Zdenka, fundi cherehani wa jirani, akamdaka kiunoni, wakacheza polka katikati ya barabara, tai akiwa kati yao. Vlasta hakuwa amecheza tangu barua ya msiba ilipofika. Alicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka, akaendelea na kiatu kimoja.

Kesho yake Hromek alirudi, utepe mwekundu na mweupe kofiani. Alimpongeza kwa uzalendo wake, kisha akasema tai ni mali ya serikali, sharti akabidhiwe.

"Serikali ipi, bwana?"

Hromek alifikiri. "Hilo bado linashughulikiwa. Ila kibali chako, mama, bado kiko kwangu."

Vlasta alimwongoza hadi jikoni. Tai alikuwa amelala kifudifudi, amefunika pipa la kabichi, jiwe kubwa mgongoni.

"Waliochukua sufuria zangu wakizirudisha," alisema, "nami nitamrudisha."

Hromek alitazama jiwe. Harufu ya kabichi iliyoanza kuchacha ilipenya pembeni mwa bawa. Alivua kofia, akameza mate.

"Kabichi itakuwa tayari lini?" aliuliza.