Vitanda Sitini Nyuma ya Mlango

Jumatatu asubuhi, kwenye chumba cha mafunzo cha benki, feni moja ilizunguka na ya pili ilikuwa imefungwa kwa kamba isije ikamwangukia mtu. Wafanyakazi wapya kumi na wanne walikaa na kalamu za bure mkononi. Mbele yao alisimama mwanamke mfupi mwenye miwani, ambaye kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu kuitambua pesa chafu kabla haijavaa nguo safi. Benki nzima ilimwita Bi Macho.

"Mteja akikwambia ana duka la saruji, unafanya nini?"

"Namwomba leseni," alijibu kijana wa mstari wa mbele.

"Leseni hata mimi nitakuchapia sasa hivi, na mhuri juu. Halafu?"

Kijana akageuka kuwatazama wenzake.

"Unakwenda kulitazama duka. Njia ya mwongo ni fupi, wanangu. Nenda, tazama, andika ulichokiona. Si ulichoambiwa, si ulichokitamani."

Wakaandika. Aliwasubiri wamalize, maana somo lenyewe lilikuwa hilo tu; mengine yalikuwa mapambo.

Mchana huo meneja alimpa faili. Kampuni moja ya ujenzi ililipwa pesa za umma ijenge hospitali ya wazazi. Pesa ziliingia kwenye akaunti yake asubuhi na kabla ya saa sita zilikwishatoka, kwenda kwa kampuni nne zenye sanduku moja la posta. Bi Macho alizijua pesa za namna hiyo. Pesa halali hukaa kitako ikapumzika. Chafu haikai, kama mtu aliyekalia kaa la moto. Ikiwa hospitali haipo, akaunti itafungwa na pesa zitafuatwa zilikokwenda, zirudi zikajenge. Akaandikiwa barua ya ukaguzi ya siku moja, akapanda teksi.

Alikuwa na sababu yake pia. Mdogo wake wa tumbo moja alikuwa na mimba ya miezi tisa, na zahanati ya mtaa wao ilikuwa na kitanda kimoja cha kuzalia na benchi moja. Wajawazito wa pale waliombeana wasishikwe na uchungu siku moja.

Anwani ilimfikisha kwenye kiwanja cha magugu yaliyofika kiunoni. Pembeni kulikuwa na kibao: MRADI UMEKAMILIKA. Katikati ya magugu ulisimama mlango na fremu yake, peke yake, bila ukuta. Bi Macho akauzunguka, akaandika "mlango, mbao, rangi ya kijivu," kisha akabisha hodi kama mtu aliyelelewa.

"Karibu," sauti ikaitika kutoka ndani. "Una barua?"

"Ninayo."

Ndani kulikuwa na ukumbi mrefu wenye sakafu ya kung'aa hata ukaona haya kuikanyaga. Mitungi ya oksijeni ilipangwa ukutani kama watoto wa shule. Mbele yake ilifunguka wodi yenye madirisha kutoka chini hadi juu na vitanda vilivyotandikwa shuka nyeupe. Alivihesabu: sitini. Akavihesabu tena kuanzia upande wa pili, vikabaki sitini. Mwanga ulitua juu ya kila kitanda taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa. Bi Macho hakuwa mtu wa machozi, lakini alijikuta amevua viatu bila kuambiwa.

Manesi kumi na sita walisimama kando ya vitanda, mikono nyuma. Mkubwa wao, mama mnene mwenye saa kifuani, alimsogelea.

"Tumeajiriwa mwaka wa tatu huu, kwenye karatasi," alisema. "Mshahara unatoka kila mwezi. Sisi hatuuoni."

"Na wagonjwa?"

"Ripoti inasema mia nne kwa mwezi. Hajafika hata wa kupotea njia. Hatujawahi kushika mtoto, dada, hata wa kuazima."

Bi Macho akaandika hayo yote. Kisha akafunga daftari. "Nikimleta mdogo wangu?"

"Kitanda ni cha karatasi. Kinambeba mwenye karatasi tu."

"Na mikono yenu?"

Nesi mkubwa akaitazama mikono yake mbele na nyuma, kama aliyeulizwa bei ya kitu asichokuwa na nia ya kukiuza. "Mikono ni yetu," alisema.

Jumatano saa nne asubuhi mdogo wake akashikwa na uchungu. Walipofika zahanati, kitandani kulikuwa na mtu na kwenye benchi kulikuwa na mtu. Bi Macho akamwambia dereva wa teksi awapeleke kiwanjani. Barua ilikwisharudishwa kwenye faili; safari hii alikuwa na macho yake tu. Hapakuwa na mlango. Palikuwa na magugu na kibao.

"Dada, wewe ni wa kunileta kwenye magugu?"

"Jilaze kidogo. Hapa ni kitanda cha saba."

"Kitanda! Nitajilaza na siafu nikiwa na hali hii? Pesa za watu zimekuharibu kichwa."

Lakini uchungu ulimkunja, akajilaza. Chini yake palikuwa udongo na mawe. Hata hivyo alipopiga kelele ya pili alinyamaza katikati, akageuza shingo.

"Nani ananishika mgongo?"

"Manesi."

"Wana mikono laini," alisema mdogo mtu, akapumua.

Mikono peke yake haina maji, haina taa, haina mkasi. Nusu saa baadaye walirudi zahanati. Benchi lilikuwa wazi, limefutwa, bado limelowa. Hawakuuliza kwa nini limekuwa wazi. Mtoto wa kiume alizaliwa hapo, akalia.

Alhamisi Bi Macho akaketi na fomu. Ilikuwa na visanduku viwili: jengo LIMEONEKANA, jengo HALIKUONEKANA. Akaweka alama kwenye vyote viwili. Fomu ikarudi mezani kwake kabla chai haijapoa, na meneja nyuma yake.

"Dada Macho, chagua kimoja. Hii si harusi, kwamba utaziridhisha pande zote."

"Nimeliona mara moja kwa barua. Mara ya pili, kwa macho, sikuliona."

"Sawa. Kisanduku cha maneno hayo kiko wapi?"

Hakikuwapo. Bi Macho akafikiri juu ya benchi lililolowa, akaweka alama kwenye HALIKUONEKANA.

Akaunti ilifungwa kwa siku mbili. Mwenye kampuni hakugomba wala hakupiga simu kwa mkubwa yeyote. Aliomba tu, kwa heshima, ukaguzi wa pili, kama kanuni inavyomruhusu. Akapelekwa yule kijana wa mstari wa mbele, na barua yake ya siku moja. Alirudi jioni, akasimama mbele ya meza ya Bi Macho bila kukaa.

"Mwalimu, vitanda sitini. Nimehesabu kutoka pande zote mbili."

"Ulivua viatu?"

"Nilivua." Akainamisha kichwa. "Nimeandika nilichokiona. Si ndivyo ulivyotufundisha?"

"Ndivyo, mwanangu."

Akaunti ikafunguliwa. Bi Macho akapewa onyo la maandishi na akaamriwa kurudia mafunzo. Jumatatu alikaa mstari wa mbele, chini ya feni iliyofungwa kamba, na kijana ndiye aliyefundisha. Bi Macho alipata alama zote, akapewa cheti na kalamu ya bure.

Mtoto alipotimiza wiki sita, Bi Macho na mdogo wake walimpeleka kiwanjani asubuhi. Kibao kilikuwa kimepakwa rangi upya. Chini yake kulikuwa na maandishi mapya: UPANUZI, VITANDA ISHIRINI, UMEKAMILIKA. Bi Macho akaingia kwenye magugu hadi mahali pa kitanda cha saba, akamnyanyua mtoto mbele yake, akamwachia.

Mtoto hakuanguka. Alibaki kimo cha kifua cha mtu, akabembea mara mbili, shuka yake ikakunjwa vizuri zaidi chini ya kidevu. Kisha akasogea polepole hadi mahali pa kitanda kilichofuata, akatulia hapo, akasogea tena. Alivuka kiwanja hivyo, juu ya magugu, macho wazi, akitazama nyuso.

"Watamrudisha lini?" mdogo mtu aliuliza. "Ataona njaa."

"Wako kumi na sita," alisema Bi Macho, akivua viatu. "Ngoja kila mmoja apate."