Kivinjari cha Bi Nati

Bi Nati alitengeneza cherehani miaka arobaini na moja, na hakuna iliyotoka mikononi mwake ikiwa bado inaruka mshono. Kompyuta yake aliiokota ikiwa maiti, akaifumua juu ya meza ya jikoni, akaiwekea mfumo endeshi wa bure aliojifunza mwenyewe. Watu waliposema ilizinduka ikampa shikamoo, hakukanusha.

Asubuhi hiyo alikuwa akijisajili chuoni kufundisha ufundi cherehani. Usajili ungefungwa saa sita kamili. Saa tano na nusu tovuti ya chuo ikamwandikia: Mfumo wako hautambuliki. Tumia kompyuta nyingine.

Shemeji yake, aliyekuja kuazima bisibisi, akachungulia.

"Nilikwambia, shemeji, nunua mashine kama za watu. Hiyo yako hata mtandao unaionea aibu."

"Haujaiona. Umeuliza jina tu."

"Chukua laptop yangu, iko garini."

"Niingie chuo cha ufundi kwa kifaa cha kuazima? Kaa chini unywe chai."

Kilichomtia shaka ni wepesi wa lile jibu. Ukurasa ulioshindwa kazi hujikokota kwanza, huangusha picha njiani. Huu ulikataa kabla ya kujaribu lolote. Basi akafungua mipangilio ya kivinjari, akautafuta mstari kinaoutumia kujitambulisha kwa kila tovuti, akafuta jina la mfumo wake na kuandika la ule wa laptop ya shemeji.

"Unakidanganya chuo?"

"Nimekivalisha kivinjari koti la laptop yako. Kikishavuka geti kitalivua."

Fomu ikafunguka yote. Vyeti vikapanda, vitufe vikatii. Saa sita kasoro dakika nane akabonyeza Tuma, na namba ya usajili ikatokea.

Shemeji akapiga makofi. Bi Nati alikuwa ameshaanza kurudisha jina la mwanzo. Kisha akawaandikia chuo: "Nimejisajili kwa mfumo mnaosema hautambuliki. Fomu yenu ni nzima. Mbovu ni mlinzi wa getini, anauliza jina bila kujaribu. Mwondoeni."

"Umeshapita, shemeji, unachokonoa nini? Watakukata."

"Wakate. Sitafundisha mahali ninapoingia kwa jina la mtu mwingine."

Siku mbili hakulala vizuri, ingawa kila aliyemuuliza, yeye alimjibu ni mbu. Siku ya tatu simu ikalia. Alikuwa kijana anayesimamia tovuti ya chuo.

"Mama, kweli kila kitu kilifanya kazi?"

"Jaribu mwenyewe, mwanangu."

"Nimejaribu. Ule mstari wa kuuliza jina niliukuta kwenye tovuti nilipoanza kazi, sikuwahi kuuliza kazi yake. Nimeufuta."

"Na mimi?"

"Mkuu wa chuo ameisoma barua yako mara mbili. Anasema Jumatatu uje na vifaa vyako."

Bi Nati akaufungua ukurasa wa chuo, safari hii kwa jina halisi la mfumo wake. Ukafunguka bila swali. Akaukodolea macho kitambo, kifua mbele, kisha akampigia shemeji yake.

"Nirudishie bisibisi yangu," akasema. "Mwalimu anaihitaji."