Alhamisi Tatu za Benita

Nilianza kwa kuiba saa moja tu ya maji. Naanza na hilo kwa sababu kila mwizi ana namna yake ya kujipunguzia kosa, na hiyo ndiyo yangu.

Benita ni mjane wa mdogo wangu Casimiro. Katikati ya Januari binti yake alilazwa hospitali mjini Salta, mimba ikiwa inamsumbua, na Benita akaamua kwenda kumuuguza. Asubuhi ya safari alinikuta nafunga mizabibu kwenye waya. Akasimama upande wake wa ukuta wa mawe, furushi begani.

"Shemeji, Alhamisi zangu nakuachia wewe," alisema. "Saa sita mpaka saa kumi. Na usiniletee uvivu wako."

"Uvivu upi? Mimi naamka kabla ya mbuzi wako."

"Unaamka, ndiyo. Halafu unakaa ukingoni mwa kitanda mpaka chai inapoa. Casimiro alinieleza yote."

Tulicheka. Tangu Casimiro afe mwezi wa Julai hatukuwa tumecheka pamoja, na nakumbuka nilirudi kazini nikiwa na moyo mwepesi.

Huku juu mvua ni ya kuhadithiwa. Mizabibu inaishi kwa mfereji mmoja unaotoka kwenye theluji ya milimani, na kila nyumba ina zamu yake. Yangu Jumanne, ya Benita Alhamisi. Maji yake hupita kwanza mpakani mwangu, na pale pana lango langu: ubao mmoja uliozibwa kwa udongo. Ukiuinua, maji yanageuka kwangu. Ukiushusha, yanaendelea kwake. Hakuna kufuli wala mlinzi, kwa sababu hapajawahi kuhitajika.

Sasa niseme na la pili, maana nikilificha nitakuwa nimesema nusu. Baba alipotugawia shamba, mimi nilipata kipande cha juu, kipana, chenye miche ya juzi. Casimiro alipata kipande chembamba cha chini chenye mizabibu ya babu, mashina yake manene kama paja. Divai yake ilikuwa nyeusi, nzito, yenye harufu ya jiwe lililopigwa na jua. Watu walikuja kutoka kijiji cha Molinos na mitungi mitupu, wakapita mlangoni kwangu wakinisalimu vizuri sana, wakaenda kujaza kwake. Miaka ishirini na mitatu nimeitikia salamu zile.

Mwaka huu mto ulikonda. Zabibu zangu zilianza kunyauka kabla hazijabadilika rangi. Alhamisi ya kwanza, Toribio, mgawa maji wetu, alifungua mfereji saa sita kamili kwa saa yake ya mnyororo, akaenda zake kula. Niliyaacha maji yapite kwa Benita saa tatu nzima. Ya nne niliinua ubao. Nilijiambia mizabibu ya babu ina mizizi mirefu, inajua kuvumilia, yangu ni michanga. Maneno yalikuja yenyewe, mazuri kabisa.

Alhamisi ya pili nilichukua saa mbili. Toribio alipita jioni, akasimama kutazama mashamba yetu mawili.

"Hilarión, udongo wa shemeji yako umepasuka kama kisigino changu."

"Maji ni machache, Toribio."

"Machache kwake. Kwako naona hata bata angeogelea."

Alicheka mwenyewe, akaenda. Nani atamshuku kaka wa marehemu? Husemwa damu ni nzito kuliko maji. Aliyesema hivyo hakuwa na mizabibu mwezi wa Januari.

Alhamisi ya tatu nilichukua yote. Na kabla ya kuinua ubao niliweka majani matatu ya koka, yale tunayotafuna huku, kwenye udongo wa lango, kumwomba Mama Ardhi maji yashuke vizuri, kama tufanyavyo kila zamu. Hata hilo nililifanya. Nilimwomba Mama Ardhi anibarikie wizi.

Benita alirudi wiki ya kwanza ya Februari, mwembamba, mwenye furaha. Binti alikuwa amejifungua salama mtoto wa kiume, wakampa jina la babu yake, Casimiro. Mimi aliniletea kofia mpya ya mjini.

"Kwa jua la Alhamisi zangu," alisema. "Hiyo uliyovaa hata mbuzi wameichoka."

Kisha akashuka shambani kwake. Nilimwona akipita mstari mmoja, wa pili, akiinua majani yaliyokauka pembeni. Alipofika wa tatu alikuwa hatembei tena, ameshika kichala mkononi. Nilimfuata, kwa sababu kutomfuata kungeonekana. Zabibu zilikuwa ndogo kama pilipili manga, ngumu, nyingine zimekwisha kukauka.

"Maji yalifika, shemeji?" aliniuliza bila kunitazama.

"Yalifika. Ila jua lilikuwa kali."

Alikiachia kile kichala. "Basi ni mimi," akasema.

"Wewe kivipi?"

"Agosti sikumlisha Mama."

Tarehe mosi Agosti kila nyumba huku inafungua shimo, inampa Mama Ardhi chakula na divai kabla ya kumwomba kitu chochote mwaka huo. Casimiro alikuwa na wiki mbili tu kaburini. Benita alijifungia ndani, na sisi tuliobaki hatukuwa na moyo wa kumgongea.

"Nilimnyima," alisema, "naye akaningoja kimya mpaka zabibu zishike. Si vibaya. Ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo."

Palikuwa na nafasi pale ya kusema. Ilikuwa nafasi kubwa, hakuna mtu mwingine shambani, na yeye mwenyewe alikuwa ametulia. Nilisema, "Huenda." Nimetukana watu maishani mwangu, nimepigana, lakini sijawahi kusema neno baya kama hilo.

Akaniomba nimchimbie shimo Jumamosi ya kanivali, sherehe za kabla ya Kwaresima, mimi nikiwa mkubwa wa nyumba. Nikakubali. Siku tatu zile sikula vizuri. Kila nilipopita langoni nilihisi ubao ule unanijua.

Jumamosi mchana nilichimba kwenye kona ya shamba lake, chini kidogo ya ukuta. Udongo ulikuwa mkavu hadi kina cha kiwiko, nikawa nautoa kwa koleo huku najua kwa nini ni mkavu. Benita alikuja na mahindi ya kuchemsha, koka, sigara mbili, na kitu kikubwa alichokizungushia poncho ya Casimiro, lile joho lake la sufu. Alipokifungua nilikiona: mtungi wa kioo wa lita tano.

Ile ilikuwa divai ya Machi iliyopita. Casimiro aliikanyaga kwa miguu yake, peke yake, akikohoa, hataki kusaidiwa. Nyingine yote tuliinywa mazikoni na kwenye sala za siku tisa. Mtungi huu Benita aliuficha, akasema utafunguliwa siku ya ubatizo wa mjukuu.

"Siyo hiyo, shemeji," nilisema. "Chukua yangu. Nina pipa zima."

"Yako ni yako. Samahani haiombwi kwa kitu cha jirani."

Alipiga magoti. Aliweka mahindi, koka, akawasha sigara na kuzisimamisha kwenye udongo. Aliomba kwa sauti ya chini, akisema amekosa, akisema huzuni ilimfunga macho, asamehewe, mizabibu isife. Kisha akainamisha mtungi. Harufu ilipanda mpaka puani mwangu, na ilikuwa harufu ya nyumba ya ndugu yangu kila mwezi wa Machi. Nilitazama divai ikizama kwenye udongo ule mkavu. Mtungi ulipofika nusu nilishindwa.

"Benita, acha. Ni mimi. Maji niliyachukua mimi."

Akauinua mtungi. "Mangapi?"

"Alhamisi ya kwanza saa moja. Ya pili, saa mbili. Ya tatu yote."

Hakulia wala hakupandisha sauti. Alibaki amepiga magoti, mtungi mapajani, akiangalia mizabibu yangu iliyonona ng'ambo ya ukuta.

"Ungeniambia jana," alisema, "ningekutukana mpaka mama yako ageuke kaburini. Halafu ningelala, na hii ningemwekea mtoto. Leo shimo liko wazi."

"Imebaki nusu. Ifunge, uirudishe ndani. Nakuomba."

"Kilicholetwa mdomoni mwa shimo hakirudi nyumbani. Hata wewe unajua hilo." Akafuta shingo ya mtungi kwa kiganja. "Ile nusu ya kwanza ilikuwa ya Agosti yangu. Hii namwombea shemeji yangu, maana wewe ukija na divai ya pipa lako Mama atakutemea."

Akamimina. Hakufanya haraka. Nilinyoosha mkono kumzuia. Akautazama tu, nami nikaurudisha. Aibu niliyoiona pale sijui niiweke wapi, na umri huu nilionao.

Ndani ya mtungi aliacha divai ya kikombe kimoja, kama desturi inavyotaka: aliyechimba ndiye hunywa mwisho. Akanipa.

"Kunywa, shemeji."

"Siwezi."

"Unaweza. Uliweza Alhamisi tatu."

Nikanywa. Nilitegemea iwe chungu, nilitaka iwe chungu. Ilikuwa divai nzuri kuliko zote nilizowahi kuonja milimani kwetu. Niliimeza yote, nikalamba midomo kabla sijajua ninachofanya, na Benita alikuwa ananitazama.