Nukta ya Wino

Fundi viatu alimsindikiza binti yake kwa daktari wa viungo akiwa ameshakata shauri: mtoto apewe dawa ya maumivu, arudi barabarani. Mtihani wa mbio wa kujiunga na zimamoto ulibakiza siku kumi na moja. Yeye mwenyewe ujanani aliacha mbio kwa sababu ya maumivu ya miundi kama haya haya, kocha akamwita mvivu mbele za watu, na neno lile halikumtoka mpaka leo. Hakutaka mwanawe arithi neno hilo.

Daktari, mwanamke mfupi asiye na papara, alimbonyeza binti muundi upande wa ndani, kutoka chini kwenda juu. Binti akauma meno. Akamgeuza nyonga huku na huku, akamuuliza anakimbia kiasi gani.

"Mwezi uliopita ilikuwa mara mbili kwa wiki. Sasa ni kila siku."

"Viatu vyako vya mazoezi umekuja navyo?"

Daktari alivigeuza, akakunja uso. Soli zilikuwa sawasawa, kama zimetoka dukani jana.

"Huwa navijazia mimi," fundi akasema. "Vinalika upande wa ndani, tangu akiwa mdogo. Kila Jumapili naongeza mpira, nasawazisha." Alipojisikia akisema hivyo, aibu ikamshika. Miaka yote alidhani anamsaidia, kumbe alikuwa anafuta ushahidi.

Daktari hakumlaumu. Alimketisha binti, akatia nukta ya wino kwenye kifupa kinachojitokeza upande wa ndani wa mguu, mbele kidogo ya kifundo. Akasimamisha kadi pembeni, akapiga mstari usawa wa nukta.

"Sasa simama."

Nukta ikashuka. Milimita kumi na mbili. Fundi alipiga magoti aione vizuri, mwili ukimsisimka. Miaka thelathini ameshika viatu vya watu, na hakujua kwamba ndani ya mguu mna kitu kinachozama na kupanda kila hatua, maelfu ya mara kwa siku, bila mwenyewe kuhisi.

"Unyayo wake unazama kupita kawaida, ila si hilo peke yake," daktari akasema. "Kuna nyonga inayogeuka kupita kiasi, kuna mbio zilizoongezwa ghafla. Vyote vikikutana, mzigo unaangukia muundi. Akilazimisha, mfupa unaweza kupata ufa. Naweza kuandika barua aombe mtihani wa awamu ijayo. Uamuzi ni wenu."

Binti alimtazama baba yake, akisubiri neno alilolizoea: kaza.

Fundi hakulisema. Alikaa kitini, akavua kiatu na soksi yenye tundu. "Nipime na mimi, daktari."

Nukta, kadi, mstari. Aliposimama, nukta yake ilishuka kuliko ya binti.

Akabaki ameinama, akiutazama mguu aliotembea nao miaka hamsini na minane. Machozi yakamlenga.

"Kumbe sikuwa mvivu," akasema.

"Labda kwenye kushona soksi, baba."

Alicheka huku akijifuta macho kwa mkono, kisha akamgeukia daktari.

"Andika hiyo barua."