Vyungu vya Kipimo Kimoja

Jumanne moja ya mwaka 1994, wafinyanzi wa Ikombe walianika vyungu mia mbili na arobaini katika mstari mmoja, kutoka kwenye shimo la udongo hadi mlangoni kwa Tusekile, nusu hatua baina ya chungu na chungu. Wanawake wote kumi na tisa walipimia kibuyu kimoja walichoachiwa na bibi zao, hivyo vyungu vilikuwa na tumbo sawa na mdomo sawa. Neno lililosemwa kando ya chungu cha kwanza lilikitikisa, nacho kikatikisa cha jirani, hadi cha mwisho. Lilisafiri polepole, kwa muda wa kumenya ndizi mbili, likafika bila kupungua. Sauti za wanaume hazikupita. Zilikuwa nene mno, zikafia katika chungu cha pili au cha tatu.

"Mama Godlove," chungu cha mwisho kilisema kwa sauti ya Veronika, aliyekuwa shimoni akimtania mwenzake, "leta chakula, maneno yaache nyumbani!"

Tusekile alicheka, akaendelea kulainisha mdomo wa chungu kwa kokoto. Ndipo akasikia sauti ya Angetile, mdogo wake wa tumbo moja.

"Ndiyo, wamekubali wote." Kimya. "Dada yangu ndiye wa kwanza kutia dole gumba." Kimya tena. "Ndaga, baba, asante. Shimo ni lako."

Kwa kuwa aliyejibiwa hakusikika, Tusekile alijua kuwa ni mwanamume. Na kwa kuwa mtumbwi uliomleta Ambrose, mfanyabiashara wa Ipinda aliyetafuta udongo wa matofali, ulikuwa ufukoni tangu asubuhi, alijua ni mwanamume yupi. Hapakuwa na shimo lingine lenye udongo usiopasuka motoni.

Alipanda hadi shimoni. Ambrose alikwisha kuondoka.

"Angetile, mimi nimetia dole wapi?"

"Umesikia upande mmoja, dada. Hukusikia aliyoniambia."

"Nimesikia uliyomjibu."

Angetile, mwenye kovu la kisu kwenye dole gumba, hakuacha kukanda udongo. "Siku hizi ni soko huria. Asingechukua yeye, angechukua mwingine."

Ijumaa karani wa ardhi alikuja kusikiliza malalamiko ya wanawake. Aliinama kwenye chungu cha mwisho, akaomba mtu aseme jambo kule juu.

"Karani, kofia yako inachuruzika maji ya ziwa!" chungu kilisema.

Karani alivua kofia, akaikamua, akaandika kwamba vyungu vinapitisha maneno kwa usahihi. Kisha akafungua mkataba wa Ambrose. Alama kumi na tisa za dole gumba zilifanana zote, kila moja na kovu la kisu katikati. Alieleza kwa upole kwamba wanawake waliofinyanga miaka mingi kwa kipimo kimoja hawawezi kutarajiwa kuwa na vidole tofauti. Tusekile alimnyooshea dole gumba lake, ambalo halikuwa na kovu. Karani alilitazama kwa heshima, akafunga faili.

Jumatatu Ambrose alizungushia shimo seng'enge. Wanawake walichimba kando ya kijito, mahali penye mchanga mwingi. Vyungu vipya vilipimiwa kibuyu kilekile, lakini vilitikisika kwa sauti nyingine, na maneno yalivigonga yakarudi. Vingi vilipasuka motoni. Angetile peke yake aliruhusiwa kupita kwenye seng'enge. Vyungu vyake thelathini vilisimama katikati ya mstari, vikipokezana kila alilosema.

Asubuhi moja Tusekile alipita hapo, karai tupu kichwani.

"Shikamoo, dada," kilisema chungu cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu.

Tusekile alipunguza mwendo. Aliitikia marahaba kwa kila kimoja, mara thelathini, kama alivyolelewa, kisha akateremka kijitoni.